Nilipe deni nisilolitambua, au ningoje jina langu lichafuliwe?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwangu limegusa kazi, ndoa na jina langu, na sijui tena nimsikilize nani.

Kazi yangu ni kuhariri sauti na video kwa wateja walio mbali, na ninaifanyia nyumbani. Bila intaneti ya kuaminika siwezi kupokea faili wala kurudisha kazi. Ndiyo sababu niliingia mkataba wa miezi 24 na kampuni moja ya intaneti, kwa kifurushi kilichotangazwa kuwa na kasi ya "hadi megabiti 100 kwa sekunde". Fundi wao alikuja akafunga ruta, nikaidhinisha benki ikate malipo kila mwezi, na mwaka wa kwanza ukapita bila shida kubwa.

Mwaka wa pili ulipoanza, ankara ilipanda ghafla. Sikuombwa ridhaa, na nilipouliza niliambiwa tu kwamba punguzo langu limekwisha. Wakati huohuo kasi ikaanza kunisumbua. Mchana kompyuta ilionyesha faili likishuka kwa 6 kwa sekunde, ilhali nimeuziwa 100. Jioni, ambao ndio muda ninaopokea kazi nyingi na kurudisha zilizokamilika, ilifika 1, na mara nyingine ikakwama kabisa. Kila nilipopiga simu niliambiwa nizime ruta, nisubiri, kisha niiwashe tena. Mteja mmoja niliyemtegemea sana aliihamishia kazi yake kwa mtu mwingine.

Hatimaye niliwapigia nikawaambia waziwazi kwamba siitaki tena huduma yao. Mhudumu alinisihi nibaki, akanitajia punguzo jipya, nikakataa. Mwisho alisema, "Ombi lako limepokelewa," akanisomea namba ya kumbukumbu, nami nikaiandika. Nikajiunga na kampuni nyingine, nikaiagiza benki isitishe makato, na ile ruta nikaiweka kabatini nikingoja waje kuichukua, kwa kuwa wao ndio walioileta. Hawakuja.

Kilichokuja ni ankara, kila mwezi, kana kwamba sikusema lolote. Nilijibu kwa baruapepe, nikarudishiwa ujumbe wa mashine kwamba lalamiko langu linashughulikiwa. Sasa nimepokea barua ya wakala wa kukusanya madeni. Inataja jumla moja kubwa, na chini yake, kwa maandishi madogo, inasema kwamba jumla hiyo ni malimbikizo ya kila mwezi, ada ya kuvunja mkataba kabla ya muda, gharama ya ruta isiyorudishwa, na faini za kuchelewa. Nisipolipa ndani ya siku 14, nitaripotiwa kwenye taasisi ya taarifa za mikopo.

Mimi na mume wangu tunajiandaa kuomba mkopo wa nyumba. Yeye anasema tulipe yaishe, kwa sababu benki haitasikiliza hadithi ya intaneti. Mdogo wangu wa kiume, ambaye amewahi kugombana na kampuni kama hizi, anasema nisitoe hata senti moja wala nisijibu barua yoyote, watachoka wenyewe. Mume wangu anaona ninamsikiliza mdogo wangu kuliko yeye, na mdogo wangu anaona nimeogopa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kampuni iliyoninyima huduma niliyoilipia sasa inaniita mdaiwa sugu. Nikilipa, nitakuwa nimekubali kwamba wao ndio wenye haki. Nisipolipa, huenda nikaikosesha familia yangu nyumba. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mwenye Uchungu


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Mimi silioni jambo lako kuwa dogo. Intaneti ikikwama kwa mtu anayeishi kwa kazi za mtandaoni, kinachokwama ni riziki yake, na kumpoteza mteja uliyemtegemea ni hasara ambayo hakuna marekebisho ya ankara yatakayoirudisha.

Nikiisoma barua yako naona umepewa swali lenye majibu mawili tu, kulipa au kutolipa. Mumeo ameshika moja, mdogo wako ameshika la pili, nawe umesimama katikati yao. Ningependa tulifungue kwanza swali lenyewe, kwa sababu ile jumla kubwa iliyokutisha si deni moja. Ni madai manne yaliyofungwa katika furushi moja, na kila dai lina chanzo chake na ushahidi wake. Inawezekana kabisa ukawa unadaiwa kihalali katika moja, hudaiwi chochote katika la pili, na katika mengine mawili jibu likategemea karatasi ambazo bado hujaziona.

Tazama kwa mfano malimbikizo na ada ya kuvunja mkataba. Wanapokudai malipo ya miezi iliyofuata baada ya simu yako, wanasema kwamba mkataba ulikuwa bado hai. Wanapokudai ada ya kuvunja mkataba, wanasema kwamba ulikufa kabla ya muda wake. Madai hayo mawili yanaweza kukaa pamoja kwa namna moja tu, yaani mkataba uwe uliendelea hadi tarehe fulani, ukavunjwa siku hiyo, na ada ikahesabu miezi iliyobaki baada yake. Tarehe hiyo ni ipi? Kwa jinsi ulivyonieleza, barua ya wakala haiitaji. Ikiwa ada imekokotolewa kwa miezi ileile ambayo tayari imo kwenye malimbikizo, basi umetozwa mara mbili kwa kipindi kimoja, na hapo huhitaji kuwa mwanasheria ili kuwauliza. Kwa hiyo, kabla ya kuamua kulipa au kukataa, ningekuomba uwaandikie swali lisilokufunga popote: kwa mujibu wa kumbukumbu zenu, mkataba huu ulikwisha tarehe gani, na ada ya kuuvunja imekokotolewa kwa kifungu kipi na kwa miezi ipi?

Hilo linatupeleka kwenye ile simu. Wewe umeichukulia kuwa ndiyo siku mkataba ulipokwisha, na ninaelewa kwa nini, kwa maana ulisema waziwazi na ukapewa namba. Hata hivyo, hebu tujiulize namba ile ilikuwa ya nini. Maneno "ombi lako limepokelewa" yanaweza kumaanisha kwamba mkataba umesitishwa, na yanaweza pia kumaanisha kwamba umefunguliwa jalada la lalamiko ambalo mtu wa idara nyingine alipaswa kulishughulikia na hakulishughulikia. Mikataba mingi ya intaneti hutaka notisi ya kusitisha itolewe kwa maandishi, na mara nyingi notisi hiyo huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Tafuta kifungu hicho kwenye mkataba wako. Kama kinataka maandishi, msimamo wako si imara kama ulivyodhani, ingawa mhudumu aliyekubali ombi lako bila kukuambia kwamba unapaswa kuandika amekupa hoja ya kusimamia. Tena ile baruapepe uliyotuma baadaye huenda ikahesabiwa kuwa notisi ya maandishi, kulingana na ulichosema ndani yake. Kama kifungu hakitaji maandishi, simu yako ina uzito mkubwa.

Kampuni nyingi hurekodi simu za wateja, na wewe unaweza kuomba nakala. Umoja wa Ulaya una kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi zilizoanza kutumika 2018, Kenya ilitunga sheria yake 2019 na Tanzania 2022. Sheria za aina hiyo humpa mtu haki ya kuomba taarifa zake zinazohifadhiwa na kampuni, na sauti yako iliyorekodiwa ni taarifa yako. Omba kwa maandishi, taja namba ya kumbukumbu na tarehe ya simu, na usikawie, kwa sababu rekodi hazihifadhiwi milele. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na migogoro ya ankara huishia mikononi mwa yule mwenye daftari. Kampuni ina la kwake. Nawe anza lako leo, ukianzia na ankara zote, taarifa za benki, ile baruapepe na jibu la mashine, ukizipanga kwa tarehe.

Kuhusu ankara kupanda, nitakuuliza swali ambalo huenda lisikupendeze. Je, mkataba uliotia sahihi ulisema tangu mwanzo kwamba bei ya punguzo ni ya miezi 12 na baada ya hapo inarudi bei ya kawaida? Kama ulisema hivyo, hata kwa maandishi madogo, basi kisheria bei haikubadilishwa, ilifuata ratiba yake, na hoja ya kutoombwa ridhaa itakuwa dhaifu. Lakini kama bei iliongezwa nje ya yale yaliyoandikwa, au iliongezwa ada mpya isiyokuwemo, mambo yanageuka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mathalani, kampuni inayobadilisha masharti kwa hasara ya mteja hutakiwa kumpa taarifa angalau mwezi mmoja kabla, na mteja ana haki ya kutoka bila kulipa ada ya kuvunja mkataba. Angalia kama sheria ya kwenu ina kifungu kinachofanana na hicho, maana kikiwepo kinaweza kuiondoa ile ada yote.

Sasa kasi. Hapa kuna jambo linalowapotosha watu wengi, na ningependa ulijue kabla hujaliandika kwenye lalamiko, ili wasilitumie kukudharau. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, lakini kompyuta inapopakua faili kwa kawaida huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Ile 6 uliyoiona mchana, kama ilikuwa ya megabaiti, ni sawa na megabiti 48 kwa sekunde. Ni chini ya nusu ya kilichotangazwa, ila si 6 kwa 100. Ile 1 ya jioni ni megabiti 8, na hapo ndipo ninapoona lalamiko lako lina nguvu hasa, kwa sababu ni muda wa kazi yako na linafuata mtindo unaojulikana: jioni wateja wengi hutumia njia moja kwa pamoja, na kampuni iliyounganisha wateja kupita uwezo wa njia hiyo huwapunguzia wote. Kurudisha kazi ni jambo jingine tena, kwani kasi ya kupakia mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua, na tarakimu inayotangazwa huwa ni ya kupakua.

Neno "hadi" walilolitumia kwenye tangazo linawapa nafasi ya kujitetea. Ndiyo maana baadhi ya wasimamizi wamelibana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015 inazitaka kampuni za intaneti ya nyumbani zieleze kwenye mkataba kasi ya chini kabisa, ya kawaida na ya juu kabisa, na Marekani tangu 2024 inazitaka zionyeshe lebo yenye bei na kasi ya kawaida kabla mteja hajanunua. Mkataba wako unataja kasi ya chini? Una vipimo vyovyote ulivyovihifadhi, hata picha za skrini? Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile kinachochukuliwa kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, kwa maana kampuni ikiona kipimo cha Wi-Fi itasema tatizo ni kuta za nyumba yako. Kwa kuwa umeshahama huwezi kupima tena, lakini kumbukumbu za simu zako za malalamiko wanazo, na maombi yako ya taarifa yanaweza kuzitaja pia.

Ruta ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na ningefurahi kama ungeimaliza wiki hii bila kungoja mengine. Piga picha ya namba yake ya utambulisho, irudishe mwenyewe ofisini kwao au kwa msafirishaji, na usiondoke bila stakabadhi. Kuirudisha si kukubali deni. Kunaondoa tu dai moja kwenye furushi na kuwanyima nafasi ya kusema kwamba unashikilia mali yao.

Nirudi sasa kwa mumeo na mdogo wako, kwa sababu wote wawili wanakupenda na wote wawili wamelidhania jambo ambalo huenda si kweli. Mumeo anadhani kulipa kutalimaliza. Huenda kukalimaliza, na amani ya nyumba ina thamani ambayo siwezi kukupimia. Lakini katika mifumo mingi ya taarifa za mikopo, deni lililoripotiwa kisha likalipwa halifutiki mara moja. Hubaki kwenye historia likiwa na alama ya kulipwa. Ukilipa kabla ya kuripotiwa, pata kwanza barua inayosema kwamba malipo hayo yanafunga akaunti yote, kwamba hakuna salio litakalouzwa kwa wakala mwingine, na kwamba hakuna taarifa mbaya itakayopelekwa. Ukilipa bila barua hiyo, unaweza kulipa na bado ukabaki na tatizo. Mdogo wako anadhani kimya ni ngome. Kampuni nyingine huchoka, ni kweli, lakini mwenye kumbukumbu safi ya kukaa kimya anaonekana machoni pa benki au hakimu kuwa sawasawa na mtu asiyetaka kulipa. Kusitisha makato benki nako hakusitishi mkataba, na yeye pengine hakukuambia hivyo.

Kati ya njia zao mbili kuna nyingine ambazo nazo zina hatari zake. Unaweza kulipa sehemu unayoitambua, kwa mfano miezi uliyotumia huduma na kipindi cha notisi, na kulikataa lililobaki kwa maandishi. Hilo huonyesha nia njema, ila katika sheria za nchi nyingi malipo ya sehemu yanaweza kuchukuliwa kuwa ni kulikiri deni lote, kwa hiyo barua inayoandamana na malipo lazima iseme wazi ni ya miezi ipi na kwamba mengine unayapinga. Unaweza kujadiliana upate kiasi pungufu. Mawakala wa madeni huwa tayari kwa hilo kuliko wanavyojionyesha. Unaweza pia kulipeleka lalamiko kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano, ambako kwa kawaida utaulizwa kwanza kama uliilalamikia kampuni yenyewe na ikapewa muda wa kujibu. Ile baruapepe yako ni mwanzo mzuri, lakini ningeiandika upya ikiwa barua rasmi ya lalamiko yenye tarehe, madai manne yakitenganishwa, na ombi lako likielezwa. Njia hiyo haina gharama kubwa, ila inaenda polepole, na wewe una mkopo mbele yako.

Kwa sababu ya hizo siku 14, kuna hatua ambayo sioni hasara yake, nayo ni kumwandikia wakala kwamba deni hili linabishaniwa, kumwomba uthibitisho wa mamlaka aliyopewa na kampuni na mchanganuo wa kila kiasi, na kuipelekea kampuni nakala. Muulize pia kama amelinunua deni au anakusanya kwa niaba tu, maana hilo ndilo litakaloamua ni nani mwenye uwezo wa kulipunguza. Halafu omba ripoti yako ya mikopo wewe mwenyewe, kabla benki haijaiomba, uone kama kuna lolote lililoandikwa. Likiwapo, taasisi hizo huwa na utaratibu wa kupinga taarifa, na afisa mkopo anayeletewa maelezo na nyaraka mapema humsikiliza mtu tofauti na anavyomsikiliza aliyeshtukizwa.

Umesema ukilipa utakuwa umekubali kwamba wao ndio wenye haki. Nakuheshimu kwa kulisema, na sitaki ulimeze. Ila ningekuomba ujiulize kama heshima yako kweli imefungwa kwenye ankara hii. Mtu anaweza kulipa akiandika kwamba analipa chini ya pingamizi, na bado akaendelea na lalamiko lake hadi mwisho. Mtu mwingine akaona kwamba hawezi kulala akiwa amelipa hata senti ya dai la uongo, na huyo naye simlaumu. Mimi siwezi kukuchagulia. Linategemea mkopo wenu una haraka kiasi gani, mkataba unasema nini, na wewe na mumeo mnaweza kubeba miezi mingapi ya kuandikiana barua.

Kaa naye, dada yangu, mkiwa na mkataba na barua ya wakala mezani, mdogo wako akiwa hayupo. Usianze kwa kumuuliza kama mlipe. Mwonyeshe madai manne, umuulize anaogopa lipi zaidi, kisha mwambie na wewe unaogopa lipi. Huenda mkagundua kwamba yeye anaiogopa ripoti na wewe unaiogopa ile ada, na kwamba mmekuwa mkibishana juu ya vitu viwili tofauti. Kampuni ikishakujibu kuhusu tarehe ya mwisho wa mkataba, niandikie tena ukiambatanisha jibu lao na kile kifungu cha notisi, tulisome pamoja.